Makazi na Kazi: Uhakiki wa Fikra ya "Mji wa Kulala" katika Pwani ya Kaskazini

Kila suala la ukuaji wa jiji la Dar es Salaam linapozungumzwa, hutolewa jibu moja ambalo limekwisha kuzoeleka hata likaonekana kuwa la kisayansi. Jibu hilo lasema hivi: mji umejaa, watu wahamie pembezoni, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, hata Bagamoyo yenyewe, na barabara ipanuliwe ili wafike kazini asubuhi na kurudi jioni. Kwa fikra hii, pwani yote ya kaskazini ni mahali pa kulala, na mjini ni mahali pa kufanyia kazi. Sisi tunaiita fikra ya "mji wa kulala". Makala hii inakusudia kuihakiki, kuonyesha asili yake, na kueleza kwa nini kada anayeikubali bila kuichambua hujikuta anatetea maslahi yasiyo ya wavujajasho.

Hatupingi barabara. Wala hatumlaumu mwananchi aliyejinyima miaka kumi akanunua kiwanja Mapinga, akajenga kidogo kidogo kwa matofali ya kufyatua mwenyewe. Tunachopinga ni ile hoja inayochukua matokeo ya mfumo wa umilikaji wa ardhi na kuyaita matokeo ya wingi wa watu. Halafu inamtaka mfanyakazi alipe gharama za matokeo hayo kwa saa zake za usingizi.

Utenganisho huu una historia

Mtu anayedhani kwamba kuishi mbali na kazi ni tabia ya asili ya miji mikubwa, na aitazame Bagamoyo. Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mji wa kazi. Misafara ya kutoka Unyamwezi na Maziwa Makuu iliishia hapo. Maelfu ya wapagazi walitua mizigo yao hapo, wakapiga kambi, wakala, wakapokea ujira wao na kusubiri msafara wa kurudi bara. Hatuusifu mji huo, kwa maana ulijengwa pia juu ya biashara ya watumwa. Tunasema tu kwamba watu walikaa Bagamoyo kwa sababu riziki yao ilikuwa Bagamoyo.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamisha makao makuu ya koloni lao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na kuanzia mwaka 1905 reli ya kati ikaanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, ikafika Kigoma mwaka 1914. Mizigo ikahama, na kazi ikaifuata mizigo. Bagamoyo ukabaki na majumba yake ya mawe, lakini bila ile kazi iliyokuwa imeyajenga. Hili ndilo funzo la kwanza: watu hufuata kazi, na nyumba peke yake haiwezi kuufanya mji uwe hai.

Huko Dar es Salaam nako, kanuni za ujenzi zilizotolewa mwaka huo huo wa 1891 zilianza kuugawa mji kwa aina ya majengo, maana yake kwa rangi na hali ya mtu. Waingereza waliuendeleza mgawanyo huo. Uwanja wazi wa Mnazi Mmoja uliachwa utenganishe Uhindini na Kariakoo. Mpango Mkuu wa mwaka 1949, uliotayarishwa na kampuni ya Uingereza ya Sir Alexander Gibb, ulitumia maneno ya kistaarabu: maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Lakini kila mtu alijua kwamba msongamano mdogo ni Uzunguni, wa kati ni Uhindini, na mkubwa ni Uswahilini. Mwafrika aliyelala Uzunguni alikuwa mtumishi, katika chumba cha nyuma ya nyumba ya bwana wake. Tukumbuke jambo hili, kwa maana tutalirudia: hata chini ya ukoloni, mnyonge aliweza kuishi karibu sana na kazi yake, iwapo ukaribu huo ulimfaa bwana.

Mipango ya baada ya Uhuru, ya mwaka 1968 na 1979, nayo ilitayarishwa na makampuni ya kigeni, mara zote mbili ya Kanada. Ubaguzi wa rangi haukuwamo tena. Lakini fikra ya kuugawa mji katika kanda ilibaki: ofisi katikati, viwanda barabara ya Pugu, makazi pembeni, na gari liunganishe. Fikra hiyo ilitoka katika nchi ambako wafanyakazi wengi walikwisha kuwa na magari yao. Hapa kwetu wengi walikuwa na miguu.

Yaliyofanywa na yaliyobaki

Uhakiki wa kweli hauna budi kueleza pia yale mema yaliyofanywa. Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya mwaka 1958, katika maandishi yake Mali ya Taifa, juu ya hatari ya kuigeuza ardhi kuwa bidhaa ya kuuzwa na wachache. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa ardhi wa milele uliondolewa. Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limekwisha kuundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na umma na kuwekwa chini ya Msajili wa Majengo. Mwaka 1974 liliundwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Na Kiwanda cha Nguo cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa pamoja na nyumba za wafanyakazi karibu nacho, ili mfumanguo wa zamu ya usiku aende nyumbani kwa miguu.

Hatua hizo zilikuwa na mantiki moja: nyumba, ardhi na usafiri si bidhaa za kawaida, kwa kuwa bila hivyo mfanyakazi hawezi kuiuza nguvukazi yake wala kuirudisha. Lakini mantiki hiyo haikufikishwa mwisho wake. Majengo ya katikati ya mji yalibadilisha mmiliki, bali mpango wa mji haukubadilika. Nyumba za Oysterbay zilibadilisha mkaaji; viwanja vyake vikubwa vikabaki vile vile, na mtaa ukawa wa wakubwa wapya. Viwanja vya mradi wa miaka ya 1970 vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Vingi viliishia mikononi mwa wenye uwezo. UDA ilishindwa kutosheleza mahitaji, wananchi wakapanda magari ya "chai maharage" kwa kujificha, mpaka mwaka 1983 watu binafsi waliporuhusiwa kuendesha mabasi, yakaitwa daladala kwa sababu ya nauli ya shilingi tano.

Mwaka huo huo wa 1983 ilipitishwa sheria ya Nguvu Kazi. Waliohesabiwa kuwa hawana kazi Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa vijijini. Kosa la kinadharia hapa lilikuwa kubwa. Sheria ilidhani kwamba kazi ni ile ya ofisini, kiwandani au shambani, na kwamba muuza kahawa, fundi viatu na mkaanga samaki ni wazururaji. Basi ikawaondoa watu mahali ambako kazi yao ilikuwapo na kuwapeleka mahali ambako ilidhaniwa ipo. Wengi walirudi. Hawakurudi kwa ukaidi, bali kwa sababu ile ile iliyowaondoa wapagazi Bagamoyo: waliifuata riziki.

Somo la Mabwepande

Kosa hilo lilirudiwa kwa sura nyingine, na hapa tunafika kwenye pwani ya kaskazini yenyewe. Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliwakumba wakazi wa bonde la Msimbazi, watu wakafa na nyumba zikasombwa. Serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, upande wa Bunju, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Nia ilikuwa njema: kuokoa maisha. Viwanja vilipimwa, mahema yakapigwa, misaada ikatolewa.

Lakini mkazi wa Jangwani hakuwa anaishi bondeni kwa kupenda maji. Aliishi pale kwa sababu Kariakoo ni mwendo wa miguu. Mama aliyeuza chakula cha asubuhi kwa wapakuzi wa sokoni aliamka saa kumi alfajiri, akapika uani, akafika sokoni kabla ya jua. Ukimpeleka Mabwepande, humpi nyumba tu; unamwondolea sufuria, wateja na mkopo wa unga wa dukani kwa jirani. Baadhi yao waliviuza viwanja vyao na kurudi bondeni, na wako viongozi waliosema kwamba watu hawa hawasaidiki. Sisi tunasema kinyume: watu hawa walifanya hesabu sahihi kuliko wataalamu. Walipima hatari ya mafuriko ya mara moja kwa miaka kadhaa, wakailinganisha na njaa ya kila siku.

Tulinganishe na Magomeni Kota. Hapo nyumba za zamani zilibomolewa, yakajengwa maghorofa, na mwaka 2022 yakafunguliwa ili kaya 644 za wakazi wa zamani zirudi mahali pale pale, karibu na mji na karibu na shughuli zao. Walisubiri kwa miaka mingi, na kusubiri huko kunastahili kulaumiwa. Hata hivyo mfano huu unaivunja hoja ya kwamba mji umejaa. Mji haukujaa kwa kipimo cha ardhi. Umejaa kwa kipimo cha bei. Panapokuwa na uamuzi wa umma, mnyonge hupata nafasi hata Magomeni.

Hesabu ya saa

Watetezi wa mji wa kulala hupenda tarakimu za barabara. Nasi tutoe tarakimu, lakini za mfanyakazi. Tuchukue mfano wa mtu anayeishi Kerege na kufanya kazi Kariakoo, anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, foleni ikiwamo, siku sita kwa juma. Hizo ni saa 24 kila juma, yaani siku tatu za kazi za saa nane. Kwa majuma 50 ya mwaka ni saa 1,200, sawa na siku 150 za kazi. Saa hizo hazimo katika mkataba wake na mwajiri halipi hata moja. Nauli pia hutoka katika ujira wake mwenyewe. Siku ya kazi ya saa nane, ambayo wafanyakazi wa dunia waliipigania kwa damu, imerefushwa kuwa ya saa 12 bila mgomo wala mjadala, kwa kuisogeza nyumba tu.

Nani anafaidika? Kwanza ni mwajiri, anayepata nguvukazi bila kulipa ujira unaotosha kupanga karibu. Pili ni mwenye ardhi karibu na mji, ambaye kodi yake hupanda bila yeye kushika jembe. Tatu ni dalali na mnunuzi wa mashamba, anayetangulia mbele ya barabara, akanunua kwa mkulima kwa bei ya mikorosho na kuuza kwa mfanyakazi kwa bei ya kiwanja. Barabara inapopanuliwa, thamani iliyoletwa na fedha za umma humwendea huyu wa tatu. Na mfanyakazi asiyeweza bei mpya husogea tena: jana Tegeta, leo Bunju, kesho Kiromo. Ndiyo maana twasema barabara peke yake haiufupishi umbali. Huufupisha kwa mwaka mmoja na kuurefusha kwa kumi.

Takwimu za sensa zinaonyesha mwendo huo. Kati ya mwaka 2012 na 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulitoka watu 4,364,541 kufika 5,383,728. Katika miaka hiyo hiyo Mkoa wa Pwani, unaouzunguka, ulitoka 1,098,668 kufika 2,024,947. Jiji linaendelea kukua ng'ambo ya mipaka yake. Na pwani hiyo tayari inalihudumia jiji kwa mengine: maji ya mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa Bagamoyo mwaka 1976, samaki, mchanga wa mabonde ya mito. Sasa inatoa na watu, asubuhi, na kurudishiwa wakiwa wamechoka, usiku.

Mzigo mzito zaidi humwangukia mwanamke. Akiwa mfanyakazi, huongeza saa za barabarani juu ya saa za jikoni. Akiwa amebaki nyumbani, huachiwa peke yake maji, watoto, mgonjwa na mlinzi wa kiwanja. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hawakusema kivuli kiwe kilomita 40 kutoka kwenye jua.

Hasara ya kisiasa

Kuna hasara nyingine ambayo wapangaji miji hawaihesabu, nayo inatuhusu sisi makada moja kwa moja. Mfanyakazi wa mji wa kulala hayupo popote kisiasa. Kazini, kengele ikilia anakimbilia kituoni. Mkutano wa chama cha wafanyakazi anauacha. Nyumbani anafika usiku. Mkutano wa shina ulikwisha saa kumi na mbili. Balozi anaijua nyumba, anamjua mama watoto, lakini mwenye nyumba mwenyewe anamjua kwa jina tu.

Huko vijijini, Kerege au Zinga, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti katika ugawaji wa ardhi. Sheria ni nzuri. Lakini mkutano ukiitishwa siku ya kazi, wahamiaji wako mjini na vijana wa kijiji wako kwenye bodaboda, wanaobaki kuamua ni wachache, na mara nyingi dalali amekwisha kuonana nao. Ardhi ya umma huondoka hivyo, kwa mihtasari iliyoandikwa vizuri. Tabaka lisilo na wakati wa kukutana haliwezi kujitetea. Hapo ndipo umbali kati ya makazi na kazi unapokuwa suala la madaraka.

Ukaribu peke yake hautoshi

Msomaji makini atauliza: basi dawa ni kila mtu akae karibu na kazi yake? Hapana, si kwa jumla hivyo. Katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Pangani, manamba walioletwa na SILABU, iliyoundwa mwaka 1944, walilala kambini ndani ya shamba la mwajiri. Umbali wao ulikuwa hatua chache. Lakini aliyewafukuza kazi aliwafukuza na kitandani. Wanawake wanaoponda kokoto Kunduchi nao wanaifanya kazi hiyo karibu na milango yao, na ukaribu haujawaondolea vumbi wala ujira mdogo. Friedrich Engels, alipoandika juu ya suala la nyumba mwaka 1872, alilieleza hili: nyumba inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja humpunguzia nguvu ya kudai.

Kwa hiyo kipimo chetu si kilomita. Kipimo ni nani anaamua. Mfanyakazi akae karibu na kazi akiwa na haki ya pango isiyotegemea mwajiri. Au akae mbali akiwa na usafiri wa umma ulio wa haraka na wa nauli anayoimudu, na saa zake zikiheshimiwa. Hali mbili hizi zinakubalika. Kisichokubalika ni awekwe mbali na nguvu ya bei, kisha aambiwe amechagua.

Mtihani ulio mbele: bandari

Fikra hii inapimwa sasa Bagamoyo kwenyewe. Mwaka 2013 yalitiwa sahihi makubaliano na kampuni ya China juu ya bandari kubwa eneo la Mbegani pamoja na ukanda wa viwanda, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mradi ukasimama, mwaka 2019 masharti yake yakakataliwa hadharani na Rais Magufuli, mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kufufua mazungumzo. Kabla ya gati lolote kujengwa, wanunuzi kutoka mjini walikwisha kufika Zinga na vijiji jirani.

Wako wanaosema bandari itamaliza tatizo, kwa kuwa kazi itafuata makazi. Kinadharia ni kweli: kuileta kazi kaskazini ni bora kuliko kuwasafirisha watu kusini kila alfajiri. Lakini tujiulize, mvuvi wa Mlingotini, ambaye leo hutoka mlangoni akaingia chomboni, atakaa wapi mbele ya ukuta wa bandari? Na kuli wa bandari hiyo atapanga wapi, ikiwa ardhi ya pembeni yake imekwisha kununuliwa? Ardhi isipowekwa chini ya uamuzi wa umma mapema, Bagamoyo itapata kazi na watu wake watahamia Msata. Kisha wataalamu watakuja kutuambia kwamba Bagamoyo nayo imejaa.

Wajibu wa makada

Kutokana na uchambuzi huu tunatoa majukumu manne.

Kwanza, kila mpango wa barabara, viwanja au kiwanda unapoletwa katika vikao, kada aulize: baada ya mpango huu, nani atalala wapi, na nani atalipa safari? Mpango usioweza kujibu urudishwe.

Pili, ardhi iliyo kando ya barabara mpya na miradi mikubwa itengwe mapema, sehemu yake iwe ya nyumba za kupangisha za umma. Thamani iliyoletwa na fedha za wananchi irudi kwa wananchi.

Tatu, kazi za barazani na uani zitambuliwe kuwa kazi. Nyumba ya Kiswahili, yenye baraza mbele na ua nyuma, iliunganisha makazi na riziki kwa hekima kuliko ramani nyingi za wageni. Mtaa mpya usiokuwa na mahali pa genge, fundi na mama lishe ni mtaa uliokusudiwa wenye magari.

Nne, mikutano ya vijiji na mitaa iitishwe siku na saa ambazo mfanyakazi yupo, hata ikiwa Jumapili asubuhi, na hesabu za ardhi zisomwe mbele yake.

Majukumu haya yanaweza kuanza kabla ya bajeti yoyote, isipokuwa la pili. La nne linahitaji tangazo tu kwenye mti wa ofisi ya kijiji. Kada anayetaka kujua kama amelielewa somo hili aanze nalo hilo, Jumapili ijayo.